Daftari la Nge

Nimekula leseni miaka kumi na mbili. Sisemi nimeishi kwa leseni. Nimeila, mimi na mke wangu, kwa wali na jodari wa Sur. Ilikuwa karatasi ngumu ya kijani, ina picha yangu niliyotoa macho kama mtu aliyekanyagwa, ina muhuri wa baladia, yaani ofisi ya mji, na imeandikwa kwamba mwenye karatasi hii ni mkaazi wa Ibra, mtaalamu wa kuua wadudu wa majumbani. Hilo la mtaalamu lilinifurahisha. Lakini neno nililokuwa nikilisoma kila asubuhi kabla ya kutia gari moto ni lile la mkaazi wa Ibra.

Maana, jamani, Unguja sisi tulikuwa tukiitwa Wamanga, Waarabu wa kuja. Tukafungasha, tukaja Omani kwa babu zetu mwanzoni mwa miaka ya sabini, na siku ya pili tu tukaitwa Zinjibari, watu wa Unguja. Baba wa babu yangu kazikwa Ibra. Nimeoneshwa kaburi lake, nimelisomea Fatiha, na nilipogeuka tu mtu kaniuliza, "Na wewe Zinjibari, utarudi lini kwenu?" Kiarabu changu cha chuo cha Kurani kiliwachekesha mpaka watoto wadogo.

Mke wangu ndiye aliyeumia zaidi. Wanawake wa mtaa wetu walikuwa na desturi: kila asubuhi wakishamaliza kazi za nyumba hukusanyika pahala pamoja kunywa kahawa na kula tende, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na zamu huzunguka mtaa mzima. Zamu hiyo ilipita mlangoni kwetu miaka miwili bila ya kubisha hodi. Mpaka siku moja bibi mzee, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, kamwita mke wangu kutoka kizingitini kwake, "Njoo, binti, njoo ukae." Siku hiyo mke wangu alinipikia biriani, na haikuwa Ijumaa wala sikukuu. Kalia, kacheka, kasema, "Sasa tumefika." Basi mimi nikawa na leseni yangu na yeye mkeka wake wa kahawa, na kila mmoja wetu akiogopa kunyang'anywa.

Kazi yenyewe niliijua tangu Unguja, ambako nilipiga dawa ya mbu mpaka kanzu zangu zikanuka mafuta ya taa. Ibra nikanunua pikapu iliyokwisha kuzeeka na bomba la kubeba mgongoni, na fundi wa kuandika mabango akanichorea mende mkubwa mlangoni mwa gari. Mende mzuri, ana sharubu. Nikakaa nikingoja wateja. Wiki ya kwanza hakuja mtu, na ya pili vilevile. Nikisimamisha gari barazani kwa mtu, hata kumsalimu tu, mwenye nyumba hutoka mbio anashikilia kilemba: "Si hapa! Si hapa! Watu watasema nini?" Nikisogea kwa jirani, na jirani naye hutoka.

Wa kwanza alikuja baada ya sala ya alasiri. Kakaa. Kaniuliza afya yangu, afya ya mke wangu, mvua, barabara ya kwenda Sur, na hali ya mbuzi wangu, na mimi sina mbuzi. Kahawa ikamalizika, ikaletwa nyingine. Ndipo akainama akasema, "Nyumbani kwangu kaonekana nge."

Nikafurahi, nikabeba bomba, nikaenda. Nafika namkuta anatoa magodoro nje.

"Nge wako wamo ndani ya godoro?"

"Humo humo."

"Wangapi?"

"Wengi. Wadogo wadogo, wekundu. Wanatoka watu wakilala, wanafyonza damu."

"Bwana we, hao mbona ni kung..."

"Nge," kasema, na akaniangalia usoni mpaka nikameza lile neno lililobaki.

Sikumlaumu, na ukikaa Ibra nawe hutamlaumu. Nge ni mdudu mwenye heshima zake. Katoka jangwani kwa miguu yake, hakuitwa na mtu, na hachagui nyumba. Anaingia kwa liwali kama anavyoingia kwa mchunga ngamia. Akikuuma, watu wanakuja kukutazama na halwa. Kunguni je? Kunguni ni aibu ya mwanamke wa nyumba na mama yake aliyemlea. Halafu dawa yangu ilitaka watu watoke nyumbani tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Ukimwambia jirani una nge, atakufungulia mlango wewe na wanao na kukupikia. Ukimwambia una kunguni, utasikia komeo.

Basi nikawa muua nge. Nikamrudia fundi wangu akamtia yule mende mkia wa kupinda na makoleo mawili mbele, akatoka mnyama ambaye Mwenyezi Mungu hajamuumba mpaka leo, lakini wateja walianza kumiminika. Na kwa kuwa baladia ilinipa daftari, kila kazi niandike mtaa gani, nyumba gani, mdudu gani, dawa gani, nami nikaandika. Nge. Nge. Nge wa magodoroni. Mke wangu alikuwa akilipitia daftari kwa ajili ya kunisahihishia mwandiko, na siku moja kauliza, "Mji huu kunguni hakuna hata mmoja?"

"Nikiandika kunguni, wewe kahawa utainywa na nani?"

Kafikiri kidogo. "Andika nge," kasema.

Mtaalamu lakini ni mtaalamu. Baada ya miezi nikaona kitu. Kila nyumba iliyoniita ilikuwa imetoka kwenye harusi au matanga, siku kumi au kumi na tano nyuma. Na kila penye harusi au matanga hupelekwa mito ya sabla. Sabla ni ukumbi wa mtaa, pahala wanaume hukaa kunywa kahawa, kusuluhisha ugomvi na kupokea wageni wakubwa. Sabla yetu ilikuwa na mito zaidi ya arobaini, mikubwa, myekundu, ya kuegemea, nayo ndiyo fahari ya mtaa. Nyumba ikiwa na shughuli, mito huletwa kwa gari, haisubiri kuombwa, ndiyo dalili kwamba nyumba ile ni ya wenyeji. Shughuli ikisha, mito hurudi sabla, na kunguni walioamua kubaki hubaki. Kwetu haikuwahi kuletwa.

Nilikwenda kwa mzee wa mtaa, mtu wa ndevu nyeupe na maneno machache, nikamwambia kwa adabu zangu zote niipige dawa ile mito bure. Kaniuliza, "Kwa nini?"

"Kwa ajili ya nge."

"Sabla haina nge," kasema. Na kunguni ndio kabisa sikuthubutu kuwataja.

Mambo yakenda hivyo miaka mingi mpaka ikaingia miaka ya themanini, na daftari la tatu likajaa. Kumbe huko baladia alikuja karani mpya, kijana aliyesoma nje, anayesoma kila karatasi anayopewa. Maradhi mabaya hayo. Kalisoma daftari langu mwanzo mpaka mwisho, kajikuna kichwa, kaandika barua mji mkuu kwamba Ibra imevamiwa na nge. Mkaguzi akaja, na kanzu nyeupe pepe yenye kola ya kunyooka. Kabla ya kunitafuta kapita hospitali. Halafu kaniita.

"Nyumba zote hizi zina nge, na hospitali haijapokea hata mtu mmoja aliyeumwa. Hao nge wana roho nzuri sana."

Nikacheka peke yangu.

"Ama umeandika uwongo," kasema, "ama umepiga dawa nyumba zisizo na kitu. Yote mawili leseni inakwenda. Alkhamisi tunakutana sabla, na wazee wawepo. Nitawauliza mbele yako."

Nilirudi nyumbani. Leseni ikenda, na ule ukaazi wa Ibra umekwenda. Nitabaki Zinjibari mwenye pikapu. Nikisema kweli, aibu ya mtaa mzima iko mikononi mwangu, na mkeka wa kahawa ndio basi tena. Nikamweleza mke wangu. Alikuwa akichambua mchele, hakunyanyua uso. "Tafuta nge," kasema.

"Wapi?"

"Si wewe mtaalamu?"

Nikaenda Sinaw, kwenye soko la Mabedui, pembezoni mwa mchanga, ambako hapana kitu kinachotembea usichoweza kukinunua. Nikamwendea mzee mmoja muuza mbuzi, nikamwambia nataka nge. Hakushtuka hata kidogo. Kaniuliza tu weusi au wa manjano. Mchana ule ule kaniletea kopo la maziwa ya unga, limetobolewa matundu juu, ndani mna saba. Akazunguka gari langu, akamtazama mnyama wa mlangoni muda mrefu.

"Wewe si ndiye unayewaua?"

"Ndiye."

"Na unawanunua."

"Nawanunua."

"Allah akusaidie," kasema, na alikuwa anamaanisha.

Alkhamisi nikafika sabla na kopo langu nimelifunga kwenye kilemba cha zamani, nimelikumbatia. Wazee wamekaa ukutani, wameegemea ile mito myekundu, na mkaguzi kapewa pahala pa heshima, kazungushiwa mito mitatu. Leseni yangu kaiweka mbele yake juu ya zulia. Kahawa ikazunguka. Halafu akafungua daftari, akaanza kuuliza, mmoja mmoja.

"Kwako kulikuwa na nge?"

Nilitegemea waseme ndiyo. Wao ndio walionambia niandike! Lakini mji mdogo, maneno hukimbia. Ilikuwa imekwisha kuvuma kwamba nyumba za udongo zenye nge zitabomolewa. Basi yule mteja wangu wa kwanza, mwenye magodoro, kajibu bila kupepesa, "Nge? Maisha yangu sijamwona nge nyumbani kwangu." Wa pili vilevile. Wa tatu kasema yeye hata mimi hanijui, na mwezi uliopita nimekula kwake. Nikawa nawaangalia tu, mkono uko kwenye kopo. Nilisema moyoni, nilifungue sasa hivi, waruke wote dirishani na ndevu zao.

Hapo mkaguzi kaanza kujikuna. Kwanza shingo, kwa heshima, kidole kimoja. Halafu kiwiko. Halafu akanyoosha mkono kuchukua kikombe, na juu ya mkono ule wa kanzu nyeupe pepe katoka kunguni. Mmoja, mnene, ameshiba, hana haraka. Kapanda kutoka kwenye kifundo mpaka kwenye kiwiko, na sabla nzima ilimsindikiza kwa macho. Mwenye birika la kahawa kasimama na birika lake hewani.

"Huyu nini?" kauliza mkaguzi.

Mzee wa mtaa akasogea, akamtazama karibu. "Nge mdogo," kasema.

"Nge mdogo," wakasema wazee, na vichwa vikatikisika ukuta mzima.

Mkaguzi kanigeukia. "Wewe ndiye mwenye leseni. Huyu nini?"

Wallahi nilikuwa tayari kusema nge. Nilikwisha kufungua mdomo. Lakini yule wa magodoro, yeye huyo huyo, kacheka kidogo akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kusikika, "Muache, atajua wapi huyo Zinjibari? Huko kwao nge hakuna."

Watu husema nilifanya ushujaa. Ushujaa wapi! Ni hasira. Nimepiga dawa miaka ishirini bara mbili, nimevuta sumu mpaka ulimi umepoteza ladha ya ndimu, halafu mtu niliyemfichia siri yake ananambia sijui wadudu?

"Kunguni!" nikasema, na nikasikia sauti yangu inarudi kutoka darini. "Kunguni, bwana mkaguzi, baba na mama. Na hawatoki kwingine ila kwenye mito hii mliyoiegemea."

Mzee wa mtaa kachezea ndevu zake, halafu kasema kwa upole, kama anayemtafutia mtu njia, "Inawezekana. Lakini kabla hajaja ndugu yetu huyu kutoka Afrika, sisi kunguni tulikuwa tukiwajua?"

Hawakuwajua! Toba yarabi, mji mzima haukuwahi hata kusikia jina lao. Mmoja kasema wanakuja na masanduku ya karafuu. Mwengine kasema kasikia kwamba Unguja hufugwa. Mkaguzi kaona kila mtu ametulizwa: nge hakuna, uwongo umeelezeka, dawa haikupigwa bure, wenyeji ni safi, na mdudu kapata kwao. Kaandika, kapiga muhuri, kanirudishia leseni yangu mkononi. Mkaazi wa Ibra, mtaalamu.

Nilipofika nje ya mji nikateremka, nikalifungua lile kopo, nikawaachia wale saba mchangani. Walikwenda zao kila mmoja upande wake. Nikawaomba radhi kwa usumbufu.

Mke wangu alikuwa mlangoni. "Umesema?"

"Nimesema."

Hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza. Wiki ile zamu ya kahawa ilikuwa ifike kwetu. Kaamka mapema, kafagia, katandika mkeka, kasaga iliki, kapanga vikombe kumi na viwili. Tukasikia wanawake wanapita nje, wanazungumza, viatu vyao vikitwanga changarawe, wakapita. Kahawa ikapoa. Nikakaa mkekani nikainywa mimi, kikombe baada ya kikombe, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kumfanyia. Moyo uliniuma kuliko siku tuliyofunga mlango wa nyumba yetu ya Unguja.

Kazi lakini, kazi ilizidi! Kunguni walikwisha kupata mwenyewe, na mwenyewe mimi, kwa hivyo hapakuwa na aibu tena. Watu walinisimamisha sokoni mbele za watu: "Zinjibari, njoo, wale wako wamefika kwangu." Wako! Katika daftari nikaandika kunguni, kunguni, na wengine walisimama nyuma yangu nikiandika wahakikishe nimetia chanzo: nyumba ya mwandishi. Ile mito ya sabla hapana aliyeniruhusu kuigusa, kwa sababu sabla haina kunguni, basi kila harusi ikisha kunguni walirudi upya. Nyumba moja tu katika mtaa ule ilikuwa safi kabisa, nayo yangu. Hatukuletewa mito. Hatukuwa na kunguni, wala hatukuwa na wageni.

Mwaka wa pili mke wangu kajifungua mtoto wa kike, wa kwanza, tuliyemngoja miaka. Kajifungulia nyumbani, uchungu ulimshika ghafla, mimi nikagonga ukuta kwa ngumi kama mwendawazimu, na yule bibi mzee jirani kaja bila viatu. Yeye ndiye aliyempokea mtoto. Kamfunika, kamtazama, kasema, "Huyu kazaliwa Ibra."

Siku ya tatu nasikia gari nje. Nafungua mlango, mzee wa mtaa kasimama, na nyuma yake pikapu imejaa mito myekundu mpaka juu.

"Mabruki," kasema. "Mna mtoto. Wageni watakuja, watakaa juu ya nini?"

Miaka kumi nimekaa mji ule nikiingojea gari hiyo. Nikarudi ndani nikamwambia mke wangu kwa sauti ya chini, "Mito ya sabla iko nje. Nitaipiga dawa kwanza, barazani, dakika tano tu."

"Inuke dawa? Watu wajue?" Alikuwa amekaa kitandani, mtoto kifuani, na macho yamemjaa machozi. "Ukiigusa na bomba lako naondoka. Waambie waingize."

Nikaibeba mwenyewe, mmoja mmoja, nikaipanga ukutani. Wanawake wakaja, mtaa mzima, wale wale, wakaegemea, wakanywa kahawa, wakamsifu mtoto, wakamwambia mke wangu kazuri kama mama yake. Kutoka barazani nilikuwa nikimsikia anacheka. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu siku ya biriani.

Wiki haijesha, asubuhi moja nimeitwa ndani nilete maji, na kahawa inazunguka. Bibi mzee kampakata mtoto. Kamgeuza kwenye mwanga, akatulia. Shavuni mwa mtoto mna alama tatu nyekundu, zimefuatana, mstari mmoja. Nilizijua kutoka mlangoni. Wanawake wote waliziona, na vikombe vikasimama.

"Kaumwa na nini, masikini?" kauliza bibi mzee, na hakuniuliza mimi. Alikuwa akimtazama mke wangu.

Mke wangu kanitazama mara moja tu, halafu kamchukua mtoto wake, kambusu pale pale kwenye zile alama.

"Nge mdogo," kasema.

"Nge mdogo," wakasema wanawake, na bibi mzee akamsogezea kikombe, akamjazia. Nikaweka maji chini, nikaenda kulitafuta daftari.